Spika Zinazofifia Sauti Ikishushwa: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Kuna spika ambazo mchana, sauti ikiwa juu, zinaridhisha kabisa, lakini usiku, wengine wakiwa wamelala na sauti ikishushwa, zinasikika kana kwamba zimefunikwa blanketi. Besi inatoweka, maneno yanamezwa, ala zinarundikana mahali pamoja, na msikilizaji anabaki na rimoti mkononi akipandisha na kushusha. Wengi hukata shauri kwamba amplifaya haina nguvu ya kutosha, wakaenda kununua kubwa zaidi. Fedha hiyo hupotea bure, kwa sababu sauti ndogo haihitaji nguvu nyingi: spika ya kawaida ambayo hutoa desibeli 87 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa umbali wa mita 1 inapopewa wati 1, huhitaji sehemu moja tu ya elfu ya wati ili itoe desibeli 57, kiwango kinachokaribia mazungumzo ya utaratibu. Hapo amplifaya ya wati 20 na ya wati 200 zina kazi ileile nyepesi.

Chanzo hutafutwa kwingine: katika tabia ya sikio lenyewe, katika kelele na umbo la chumba, katika mahali spika zilipowekwa, katika njia ambayo sauti inapitia kabla ya kufika kwenye spika, au katika kifaa chenye hitilafu ambayo hufichwa na sauti kubwa na kufichuliwa na ndogo. Nimezipanga dalili hapa chini kwa kuanza na zile ambazo dawa yake haigharimu chochote.

Kabla ya kugusa kitu

Chagua rekodi moja unayoifahamu vizuri, yenye sauti ya mtu mmoja anayeimba au kuzungumza na gitaa la besi linalosikika waziwazi. Ipige katika kiwango kilekile unachokitumia usiku, kaa mahali unapokaa siku zote, na usikiguse tena kidhibiti cha sauti isipokuwa jaribio lenyewe linadai hivyo. Sharti hili si la urasimu. Sikio hupenda chochote kilichozidi sauti kidogo na hukihesabu kuwa ndicho kilicho bora, hata ikiwa tofauti ni desibeli 1 au 2 tu, kiasi ambacho mtu hatambui kuwa ni ongezeko la sauti. Anayelinganisha mahali pawili pa kuweka spika huku akicheza na kidhibiti atajidanganya bila kujua.

Besi inatoweka na sauti inabaki nyembamba

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote, na mara nyingi hakuna kilichoharibika. Sikio la mwanadamu halisikii masafa yote, yaani sauti za chini, za kati na za juu, kwa usawa, na tofauti hiyo huongezeka kadiri sauti inavyopungua. Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1933, na vipimo vilivyosahihishwa baadaye vimewekwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 226. Kwa mujibu wa toleo la 2003 la kiwango hicho, sauti ya kati ya hezi 1,000 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde) ikishushwa kutoka desibeli 80 hadi 40, sauti ya hezi 50 inayosikika kuwa na ukubwa ule ule inapaswa kushuka kutoka takriban desibeli 102 hadi 78 tu. Ya kati imeshuka kwa 40, ya chini ilitakiwa ishuke kwa 24. Kidhibiti cha sauti hakijui hesabu hiyo. Hushusha zote kwa kipimo kimoja, na besi hujikuta takriban desibeli 16 chini ya pale ambapo sikio lingeihitaji.

Ili kuhakikisha kwamba chanzo ni hiki, pandisha sauti kwa nusu dakika. Besi ikirudi mahali pake kwa uwiano mzuri, spika zako ni nzima. Ikiwa haipo hata sauti ikiwa kubwa, ruka hadi sehemu inayohusu nyaya zilizobadilishana.

Marekebisho yako ya aina tatu, na ningeanza na lile ambalo halihitaji umeme. Sogeza spika karibu na ukuta wa nyuma yake. Sauti za chini husambaa pande zote, na ukuta ulio karibu huzirudisha zikiungana na zile zinazotoka mbele, kiasi cha kuziongeza hadi desibeli 6. Kwenye pembe ya chumba ongezeko ni kubwa zaidi na pengine hupita kiasi. Wanaosikiliza kwa sauti kubwa huambiwa wazitoe spika ukutani, na ushauri huo ni sahihi kwao, lakini kwa msikilizaji wa sauti ndogo ukuta ni msaada. Umbali wa kuepuka ni ule wa nusu nusu: spika iliyo mita 1 kutoka ukutani hupoteza sauti zilizo karibu na hezi 86, kwa kuwa wimbi linalorudi kutoka ukutani hukutana na lile la mbele likiwa kinyume chake na kulifuta.

La pili ni kitufe kilichoandikwa Loudness, ambacho amplifaya nyingi zinacho na wengi hawajui kazi yake. Kiliwekwa kwa ajili ya tatizo hili hasa: huongeza besi, na katika baadhi ya vifaa huongeza kidogo sauti za juu pia. Kiwashe usiku na ukizime mchana, maana kikiachwa wakati sauti iko juu hugeuza kila kitu kuwa ngurumo. La tatu ni ikwalaiza, yaani kidhibiti cha kuongeza au kupunguza kila eneo la masafa peke yake. Ongeza masafa yaliyo chini ya hezi 120 kwa desibeli 4, sikiliza wimbo mzima, kisha amua kama unahitaji kufika 6. Usiguse eneo la hezi 200 hadi 500 kwa matumaini ya kupata uzito, kwa kuwa hapo ndipo sauti huwa nzito kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa, na ufafanuzi unaoutafuta hupotea papo hapo.

Tahadhari moja kwa wanaoishi jirani na wengine: besi hupenya kuta kwa urahisi kuliko sauti za juu. Ikiwa lengo la kushusha sauti ni kutowasumbua waliolala chumba cha pili, besi uliyoiongeza ndiyo itakayowafikia kwanza. Vipande vya mpira chini ya spika hupunguza mtikisiko unaopita kwenye meza au sakafu, ingawa haviwezi kuzuia ule unaosafiri hewani.

Sauti ipo lakini maneno hayashikiki

Hapa ndipo ninapoomba subira ya msomaji, kwa sababu dalili ni moja na vyanzo ni vingi, na kinachosaidia kuliko vyote ndicho ambacho watu hukijaribu mwisho.

Maneno hutambulika kwa konsonanti. Vokali zina nguvu na husafiri vizuri, lakini kinachotofautisha paka, taka, kaka na saka ni mlio mfupi na dhaifu wa mwanzo, ambao sehemu yake kubwa iko kati ya kilohezi 2 na 8 (hezi 2,000 hadi 8,000). Sauti ikishushwa, vokali hubaki juu ya kelele za chumba na konsonanti huzama chini yake. Msikilizaji basi husikia kwamba mtu anaongea, hata hisia zake anazipata, ila hajui alichosema.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuchunguza ni kelele. Zima spika, kaa kimya kwa dakika moja na usikilize chumba: feni, friji, kompyuta, maji yanayopita kwenye mabomba, barabara ng'ambo ya dirisha. Feni inayotoa desibeli 40 haikusumbui unapozungumza na mtu, lakini imekwisha kumeza kila kilicho dhaifu katika rekodi inayopigwa kwa desibeli 50. Kupunguza kasi ya feni kwa hatua moja au kufunga dirisha la upande wa barabara hufanya kazi ile ile ya kupandisha sauti, na hakumwamshi mtu.

Jambo la pili ni umbali, na ningependa kulisema kwa mkazo kwa kuwa hakuna marekebisho mengine yanayolingana nalo. Kila umbali kati yako na spika unapopungua kwa nusu, sauti inayokufikia moja kwa moja kutoka kwenye spika huongezeka kwa takriban desibeli 6. Kutoka mita 3 hadi mita 1.5 umepata desibeli 6; kutoka hapo hadi sentimita 75 umepata 6 nyingine, na jumla yake ni sawa na kuizidishia amplifaya nguvu mara 16. Zaidi ya hayo, mwangwi wa chumba hauongezeki pamoja nayo, kwa hiyo unachopata ni sauti safi zaidi na si kubwa zaidi tu. Spika mbili ndogo zilizowekwa pande mbili za kiti, usawa wa masikio, kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, zitakupa pumzi ya mwimbaji na ukucha unaogusa waya wa gitaa kwa kiwango ambacho mtu aliye chumba cha jirani hatakisikia. Ambaye hajawahi kujaribu afanye hivyo leo usiku kabla ya kusoma sehemu zinazofuata.

Ikiwa spika haziwezi kusogezwa, angalia zinaelekea wapi. Sauti za juu hutoka kwenye twita, ile spika ndogo iliyo juu ya kubwa, na husafiri kama mwanga wa tochi: anayekaa nje ya mwelekeo wake hupata mabaki. Wakati mtu anazungumza katika rekodi, inama taratibu hadi sikio lako lifike usawa wa twita, kisha simama wima. Ukisikia herufi s na f zikichomoza na kufifia kadiri unavyosogea, umepata chanzo. Inua spika au uiegemeze nyuma kidogo kwa kuweka kitu chini ya ukingo wake wa mbele, na uzigeuze zote mbili zielekee mahali unapokaa. Spika iliyowekwa sakafuni, iliyosukumwa ndani kabisa ya rafu, au iliyozibwa na chombo cha maua haitatoa maneno yanayoeleweka kwa ikwalaiza ya aina yoyote. Televisheni nyembamba zina shida hii kwa maumbile yake, kwani nyingi zimewekewa spika zinazotazama chini au nyuma.

Chumba kitupu chenye sakafu ya vigae na kuta wazi huongeza ugumu, kwani kila silabi hukutwa na mwangwi wa silabi iliyotangulia. Zulia kati yako na spika na pazia zito upande mmoja hutosha kuleta tofauti. Si lazima kugeuza sebule kuwa studio.

Filamu: mazungumzo ya chini, milipuko ya juu

Filamu hutengenezwa kwa ajili ya ukumbi ambao sauti yake ni kubwa, na umbali kati ya mnong'ono na mlipuko ndani yake ni mpana kupita uwezo wa sebule ya usiku. Tafuta katika mpangilio wa sauti wa televisheni au amplifaya hali ya usiku, ambayo hubana umbali huo kwa kushusha vilele na kuinua vilivyo chini. Katika muziki mbano kama huo huondoa uhai. Katika filamu ya saa 5 usiku ni wa haki kabisa.

Chunguza pia idadi ya njia za sauti. Filamu nyingi huja na njia 6, na karibu mazungumzo yote hupitishwa kwenye njia ya katikati. Ikiwa kifaa kimepangwa kana kwamba una spika ya katikati na wewe una mbili tu, mazungumzo yanaweza kupotea karibu yote huku muziki ukibaki mzima. Kifaa kikipangiwa stirio, yatarudi. Mwenye spika ya katikati halisi aiongeze desibeli 3 au 4 juu ya nyingine wakati wa usiku, na aangalie kwamba haijaelekezwa kwenye magoti ya watazamaji.

Sauti inaegemea upande mmoja, au upande mmoja unakufa

Kidhibiti cha kuzungusha katika amplifaya nyingi kina vipande viwili ndani, kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia, na mwanzoni kabisa mwa mzunguko vipande hivyo havilingani. Ukiona mwimbaji amehama kutoka katikati na kusogea upande mmoja kila unaposhusha sana, na anarudi katikati ukipandisha kidogo, hii ndiyo sababu. Dawa yake ni kupunguza sauti inayoingia ili kidhibiti kipate kuzungushwa hadi mahali ambapo vipande hivyo vinalingana: shusha sauti kwenye simu au kompyuta inayopiga muziki, kisha pandisha amplifaya hadi upate kiwango kile kile. Usiishushe kupita kiasi, maana inayoingia ikiwa dhaifu mno, mvumo wa vifaa vyenyewe utaanza kusikika pamoja nayo.

Hali nyingine inafanana na hiyo lakini chanzo chake ni tofauti. Amplifaya yangu ya zamani ilinisumbua kwa majuma kadhaa kwa kupoteza upande wa kushoto kila usiku. Nilibadilisha waya, nikabadilishana spika, nikaanza kuitilia shaka rekodi yenyewe. Usiku mmoja nilipandisha sauti ghafla kwa bahati mbaya, nikasikia mkwaruzo mfupi na upande wa kushoto ukarudi mzima, ukakaa mpaka nilipoizima. Hapo nikaelewa. Ndani ya amplifaya kuna relei inayounganisha spika sekunde chache baada ya kuwashwa, na ncha zake za chuma zilikuwa zimefanya kutu nyembamba. Umeme mdogo wa sauti ya usiku haukuweza kuipenya, na ule mkubwa uliipenya. Dalili za hali hii ni hizo: upande mmoja haupo au unakwaruza katika sauti ndogo, na unarudi ghafla ukipandisha. Ikiwa mkwaruzo unatokea wakati kidhibiti kinazungushwa, lawama ni ya kidhibiti. Kizungushe mara 20 au 30 kutoka mwanzo hadi mwisho umeme ukiwa umezimwa, na kama haitoshi, kipulizwe dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Kazi ya relei aachiwe fundi, kwa sababu ndani ya amplifaya kuna kapasita zinazoweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Spika au sabufa inalala katikati ya muziki

Vifaa vyenye amplifaya ndani yake hujizima visipopokea sauti ya kutosha kwa dakika kadhaa. Katika kiwango cha usiku, muziki mtulivu unaweza kuwa chini ya kizingiti chake, na kifaa kikadhani hakuna kinachopigwa. Nyuma ya sabufa, ile spika kubwa ya besi peke yake, tafuta swichi yenye neno Auto na uihamishe ili iwake muda wote. Kama haina swichi hiyo, pandisha sauti inayotumwa kwenye sabufa na ushushe kidhibiti cha sabufa yenyewe kwa kiasi hicho hicho.

Mvumo na muungurumo vinasikika nyuma ya muziki

Mvumo mwembamba kama wa hewa inayotoka kwenye tundu dogo hutokana na ukuzaji uliozidi. Spika zenye amplifaya ndani zina kidhibiti cha ukuzaji nyuma yake ambacho mara nyingi huachwa juu kabisa tangu siku zilipotolewa kwenye boksi. Kishushe hadi nusu, kisha pandisha sauti ya kifaa kinachopiga. Muungurumo mzito usiobadilika, wa hezi 50 au 60 kutegemea umeme wa nchi, au mara mbili ya hapo, hutokana zaidi na vifaa vinavyopata umeme kutoka soketi mbalimbali huku vimeunganishwa kwa waya wa sauti. Vichomeke vyote kwenye mkono mmoja wa soketi. Usikate wala kuruka waya wa ardhini kwa ajili ya kuuondoa muungurumo. Waya huo upo kwa ajili ya kuokoa maisha.

Sauti haina katikati na besi haipo hata ukipandisha

Nyaya za spika moja zimebadilishana, nyekundu ikawa mahali pa nyeusi. Koni moja, yaani ile sahani ya spika inayotikisika, inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na sauti za chini zinafutana. Piga rekodi ya mtu anayezungumza na uweke spika mbili zikitazamana kwa karibu: zikiwa na kasoro hii, sauti itapungua na kuwa nyembamba, ukizigeuza nyaya za upande mmoja itajaa.

Mkwaruzo wakati besi inagonga, hata kwa sauti ndogo

Hili ni la spika yenyewe. Toa kitambaa cha mbele na umulike tochi kwenye ukingo wa koni kubwa. Katika spika za zamani ukingo huo ni wa sponji laini, ambayo huoza kwa umri na unyevu hata kama spika haikutumika; utaiona imepasuka, au itabaki kidoleni kama unga mweusi ukiigusa. Kama ukingo ni mzima, weka vidole vinne kuizunguka koni kwa usawa, uisukume ndani taratibu na kuiachia, sikio likiwa karibu. Koni nzima hurudi kimya. Ukisikia au kuhisi msuguano kama wa karatasi juu ya msasa, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, imepinda au imeungua na inagusa sumaku, na spika hiyo ni ya kubadilishwa.

Ukingo uliooza peke yake haumaanishi mwisho wa spika. Sponji mpya ya kipenyo kile kile hupatikana, na hubandikwa baada ya kukwangua gundi yote ya zamani kwenye koni na kwenye fremu. Badilisha za pande zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa ya zamani iliyosalia haitakuwa na ulaini ule ule na pande hazitalingana. Wakati gundi ya nje haijashika, isukume koni tena kwa vidole vinne na uisogeze kidogo kidogo mpaka isuguane na kitu popote, kisha irudishe nusu ya mwendo huo upande wa pili. Fanya hivyo kwa pande zote nne ili koili ikae katikati kabisa. Iache ikauke usiku kucha, na kabla ya kufunga skrubu piga ile rekodi ya mwanzo, kwa kiwango kile kile cha usiku, usikilize kama gitaa la besi linapita bila mkwaruzo.